Habib Saleh na Milango ya Misikiti ya Lamu

Makala haya yanahusu maisha ya Sharifu Saleh bin Alawi Jamalullail, ambaye pwani nzima ya Afrika Mashariki inamjua kwa jina la Habib Saleh. Kwa wengi wetu tunaosoma fasihi ya Kiswahili, jina lake hutokea pembeni tu, pale mhadhiri anapotaja Maulidi ya Lamu kabla ya kuendelea na tendi za Pate na Siu. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa nafasi hiyo haimtoshi. Habib Saleh hakuacha diwani wala utenzi unaosomwa madarasani, lakini alibadilisha jambo ambalo kila mtunzi wa Lamu alilitegemea, nalo ni mahali pa kusomea, watu wanaoruhusiwa kusikiliza, na sauti inayokubalika mbele ya Mungu. Habari za karama zake ni nyingi na wenyeji wanazihadithia vizuri kuliko sisi; hapa tutashughulika na mtu na mji wake.

Maisha hayo hayaeleweki bila ya kuanza na Mkomani. Mji wa Lamu umegawanyika tangu zamani pande mbili, Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Mkomani ndiko ziliko nyumba kubwa za mawe ya matumbawe, zenye daka mlangoni na safu za zidaka ukutani ndani, nyumba ambazo ziliufanya mji huu uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Huko ndiko walikokaa wangwana, yaani koo kongwe zilizojiita wenyewe wa mji, na huko pia ndiko uliko Msikiti wa Ijumaa ambao tarehe yake hurudishwa hadi mwaka wa 1511. Langoni palikuwa pa wageni. Wahadhrami wenye maduka madogo, Wangazija, Wabajuni, mabaharia, na baadaye watu waliotoka utumwani, wote walijenga huko, wengi wao katika nyumba za udongo na makuti.

Tofauti hii haikuwa ya ujenzi peke yake. Katika Lamu ya karne ya 19, mngwana alikuwa mtu wa nasaba, wa mashamba ya bara ng'ambo ya mkondo, na wa elimu. Kijana wa Mkomani alijifunza Kurani, fiqhi ya Kishafii na lugha ya Kiarabu kwa mwanachuoni ambaye mara nyingi alikuwa jamaa yake, ndani ya nyumba au katika msikiti ambao babu zake waliujenga au kuuwekea wakfu. Misikiti ilikuwa mingi kuliko mahitaji ya mji mdogo namna ile, na sababu yake si ucha Mungu peke yake. Msikiti ulikuwa pia alama ya ukoo na mtaa. Mtumwa aliyechimba matumbawe na kuchoma chokaa ya kujengea hakukatazwa kusilimu wala kuswali, ila kukaa mbele, kuongoza, na hasa kusoma hadi awe mtu wa kuulizwa, hayo yalikuwa mambo ya wenye mji. Mwanaanthropolojia wa Misri, Abdul Hamid el-Zein, ambaye kitabu chake kuhusu dini katika Lamu kilitoka mwaka wa 1974, ameonyesha jinsi wangwana walivyouona Uislamu wenyewe kama sehemu ya uungwana wao. Kumsomesha mtumwa kulikuwa ni kuigusa mizani nzima ya mji.

Pengine msomaji atauliza kama hali hii ilikuwa ya Lamu peke yake. Wanaosoma dini za kale za Mesopotamia wanatueleza kuwa hekalu la Wasumeri liliitwa nyumba, na ilikuwa nyumba kwelikweli. Mungu Enlil alikuwa na nyumba yake Nippur, Marduk alikuwa na yake Babeli, na humo sanamu ya mungu ilivishwa, ikaandaliwa chakula kila siku, ikahudumiwa na makuhani waliokuwa na haki hiyo. Watu wa kawaida hawakuingia chumba cha ndani. Waliomwona mungu wao walimwona hasa siku za sikukuu, kama ile ya mwaka mpya iliyoitwa Akitu, sanamu ilipotolewa nje na kupitishwa njiani. Mahekalu hayo yalimiliki mashamba na mifugo, na huko Uruk, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, yalimiliki hata watu waliotolewa wakfu, wakipigwa chapa ya nyota ya mungu wa kike Ishtar. Msikiti bila shaka ni kitu kingine kabisa. Hauna sanamu, hauna chumba kilichofungwa, na kila Mwislamu anajua kwamba safu ya sala haina cheo. Hata hivyo kanuni ni jambo moja na mazoea ya mji ni jambo jingine. Kila penye nyumba ya ibada iliyojengwa kwa mali ya wachache, swali la nani anaingia hadi wapi huzuka, na katika Lamu lilizuka kupitia kwa mgeni kutoka Ngazija.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wa Jamalullail ni wa masharifu waliotoka Hadhramaut wakaweka makao Pate, karibu kabisa na Lamu, na tawi lake moja likavuka hadi Komoro. Kwa hiyo alipokuja Lamu akiwa kijana, katika robo ya mwisho ya karne hiyo, alikuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Alikuwa na ami yake mjini, alikuwa na nasaba ambayo hakuna mngwana aliyeweza kuidharau, na alikuwa na lahaja ya kigeni na mifuko mitupu. Nasaba ilimfungulia milango ya Mkomani. Alisoma kwa wanachuoni wa mji, na miongoni mwa waliomsomesha hutajwa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, yule ambaye wanafunzi wa ushairi wanamjua zaidi kwa jina la Mwenye Mansabu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu Mwenye Mansabu, aliyefariki mwaka wa 1922, ni wetu. Yeye ndiye aliyeitia Maulidi ya Barazanji katika ushairi wa Kiswahili. Maulidi hayo, yaliyotungwa kwa Kiarabu na Jaafar al-Barzanji, mufti wa Madina wa karne ya 18, ndiyo yaliyokuwa yakisomwa Lamu kwa utulivu na adabu katika misikiti na majumba. Mwalimu, basi, alikuwa tayari ameanza kuuleta mlango karibu na watu, kwa njia ya lugha. Asiyejua Kiarabu angeweza sasa kufuata kisa cha kuzaliwa kwa Mtume kwa Kiamu alichonyonya kwa mama yake. Tukiwaweka mwalimu na mwanafunzi pamoja, tunaona kwamba jitihada ya Habib Saleh haikutoka nje ya elimu ya Mkomani kama inavyosimuliwa wakati mwingine. Mbegu yake ilikuwa imo humo humo.

Mzunguko huo wa wanachuoni ulikuwa mpana. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Unguja, alikuwa naye mzaliwa wa Ngazija mwenye asili ya Hadhramaut. Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ndiye aliyeanzisha madrasa maarufu mjini Unguja. Wote wawili walifariki mwaka wa 1925. Hawa walisafiri, waliandikiana barua, na waliazimana vitabu, na kitovu chao kilikuwa Hadhramaut. Huko Seiyun, Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyeishi kati ya 1843 na 1915, alikuwa amefungua chuo cha kupokea wanafunzi wa bweni na kuwafundisha bila kujali walikotoka, na karibu nacho msikiti ulioitwa Riyadh. Wazo la chuo hicho liliifikia Lamu kwa barua na kwa wasafiri, na likampata mtu aliyekuwa akilitafuta.

Kutoka Mkomani, Habib Saleh alihamia Langoni. Kwa umbali ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kupitia Usita wa Mui, ile njia kuu inayoupasua mji. Kwa maana ya kijamii ulikuwa ni msafara mrefu. Sharifu, mwenye haki ya kukaa daka moja na wazee wa Mkomani, alikwenda kukaa na watu ambao wazee hao hawakuwatambua kuwa wana lolote la kusoma. Aliwafundisha Kurani watumwa na watoto wao. Aliwatibu kwa dua na dawa. Alikula nao. Jambo hili la mwisho liliumiza zaidi kuliko yote, kwani katika mji wa pwani sinia ndiyo inayosema nani ni sawa na nani.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwa wenye mashamba. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Sultani wa Zanzibar mwaka wa 1873, Waingereza walitangaza himaya yao mwaka wa 1895, na mwaka wa 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 ilivuta biashara kuelekea kusini, na bandari ya Lamu ikaanza kusinzia. Nguvu ya kazi ya mashamba ya bara ikawaponyoka wangwana, na mali ikafuata. Mtu anayepoteza mali hukishikilia cheo kwa mikono miwili. Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi huyu, upinzani wa Mkomani dhidi ya sharifu wao usihesabiwe kuwa ni kiburi tu. Walimwona mtu wa nasaba tukufu akigawa bure kitu cha mwisho walichobaki nacho.

Kati ya miaka ya 1890 na miaka ya kwanza ya karne ya 20, msikiti wa Riyadha ulisimama Langoni, pembezoni mwa mji wa wakati huo, penye mchanga. Jina lake, lenye maana ya bustani, linaikumbusha Seiyun moja kwa moja. Kuuzunguka msikiti kulikua chuo. Wanafunzi walikuja kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, wakalala hapo, wakala hapo, na waliporudi kwao wakafungua madrasa zao. Peter Lienhardt, aliyeandika kuhusu chuo hiki mwaka wa 1959, alikiona kuwa kitu ambacho hakikuwapo kabla yake katika mji, yaani taasisi ya elimu isiyokuwa mali ya ukoo wa kiungwana. Wale ambao baba zao hawakufika mbele walianza kukaa mbele, na baadhi yao wakawa walimu.

Kisha ikaja sauti. Sayyid Ali al-Habshi alikuwa ametunga maulidi mapya, yanayojulikana kwetu kwa jina la Maulidi ya Habshi, na Riyadha ikayachukua. Yalisomwa kwa pamoja, kwa kasida zenye kiitikio, kwa matari na kwa nai, watu wakiwa wamepanga safu na kuyumba pamoja, na wakati wa kisimamo wote wakisimama kumsalia Mtume. Kwa masikio yaliyozoea utulivu wa Barazanji, kupiga matari ndani ya msikiti kulikuwa ni kuingiza ngoma mahali pa sala. Hoja hii ilikuwa ya fiqhi, na ilijadiliwa kwa vitabu. Lakini chini yake ilikuwako hoja nyingine iliyoeleweka na kila mtu. Ngoma katika Lamu ilikuwa ya watumwa. Kuipokea sauti hiyo kulikuwa ni kumpokea mpigaji.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Tumezoea kuigawa fasihi ya Kiswahili kuwa andishi na simulizi, na Lamu tunaiweka katika kapu la kwanza kwa sababu ya miswada yake ya hati za Kiarabu. Maulidi ya Riyadha yanaukataa mgawanyo huo. Matini ni andishi tena ni ya Kiarabu fasaha, ambayo wengi wa waliokaa msikitini hawakuielewa neno kwa neno. Utendaji ni wa hadhira nzima. Asiyejua kusoma anajua kiitikio, anajua mahali pa kusimama, anajua pale tari linapobadilisha mwendo, na kwa hiyo ana fungu lake lisiloweza kutendwa na mwingine. Mwenye Mansabu aliwafungulia watu maana kwa kutafsiri. Mwanafunzi wake aliwafungulia ushiriki bila kutafsiri. Njia hizi mbili zimeishi bega kwa bega Lamu hadi leo, na ni ajabu kwamba silabasi zetu huifundisha ya kwanza na kuisahau ya pili.

Haifai hata hivyo kumgeuza Habib Saleh kuwa mwanamapinduzi wa karne yetu. Hakuandika waraka wa kupinga utumwa tunaoweza kuuonyesha, wala hakukana daraja za kijamii kwa jumla. Nguvu yake ilitokana na nasaba, na aliyoyafanya yangemshinda mtu asiye sharifu. El-Zein anakwenda mbali zaidi na kuonyesha kwamba kadiri uungwana wa Mkomani ulivyoshuka, ndivyo usharifu ulivyopanda, hata heshima iliyotolewa kwa wenye nyumba za mawe ikahamia kwa kizazi cha Mtume. Wapo waliotoka mkononi mwa bwana wakaishia kuubusu mkono wa sharifu. Je, huo ni ukombozi? Mwandishi wa makala haya anaelekea kusema ndiyo, walau kwa sehemu, kwa sababu mkono wa sharifu ulikuwa umeshika kitabu na kitabu kiliachwa wazi. Mwenye maoni tofauti ana hoja za kutosha, na angefaa azilete kwenye kongamano la chama.

Upinzani haukutoka Mkomani peke yake. Mombasa, katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyeandika kwa Kiswahili magazetini na vitabuni, aliyakosoa mazoea ya kuyatukuza makaburi ya mawalii na mambo aliyoyaona kuwa ni uzushi. Kwake yeye tatizo halikuwa cheo cha mpiga tari bali tari lenyewe na hayo yaliyoandamana nalo. Mjadala huo haujafungwa. Kila mwaka Maulidi yanapokaribia, wako wanaoyaona kuwa ndiyo uhai wa Lamu na wako wanaoyaona kuwa ni jambo lisilo na asili katika dini. Mtafiti wa fasihi hana ulazima wa kutoa fatwa. Analo jukumu la kujua kwamba kasida anayoirekodi imepita katika ubishi huo.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini, akazikwa Lamu. Kazi ya Riyadha ilishikwa na wanawe, akiwamo Ahmad Badawi, na baada yao wajukuu. Katika Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, wageni humiminika Lamu kwa majahazi, mashua na mabasi. Nje ya msikiti huchezwa goma la fimbo na kirumbizi. Kaburi lake huzuriwa, na zefe la matari hupita mjini hadi pwani. Wa Mkomani nao huja. Wajukuu wa waliomfungia mlango sharifu huyo hukaa leo katika safu moja na wajukuu wa waliofungiwa, ingawa mzee wa Lamu, ukimuuliza pembeni, bado atakuambia nani ni wa nyumba gani.

Jambo moja zaidi linatuhusu sisi moja kwa moja. Riyadha ina mkusanyiko wa miswada ya Kiarabu ambayo, katika muongo wa 2010, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Ni vitabu vya fiqhi, nahau, dua na maulidi, baadhi vikiwa vimenakiliwa hapa pwani kabla ya msikiti wenyewe kujengwa. Vilifika Riyadha kwa kununuliwa, kwa hiba na kwa wakfu. Picha hizo sasa zinaweza kusomwa na yeyote mwenye kompyuta. Pembezoni mwa kurasa wamo wanakili, wamiliki na watoaji wakfu, na kazi ya kuwafuata majina yao mtaa kwa mtaa, ili tujue ni vitabu vingapi viliyaacha majumba na kupokewa Langoni, inamsubiri mwanafunzi mwenye Kiarabu cha kutosha na macho mazima.